Wiki nane Dar au miezi sita Tanga?

Shikamoo Bi Mkunga,

Mimi ni kijana wa Ngamiani, Barabara ya 14. Nasomea udaktari, mwaka wa nne, chuo kilicho nje ya mkoa. Nipo nyumbani likizo na nimekuja na fomu ambayo inatakiwa chuoni Ijumaa ya wiki ijayo. Mpaka leo sijaijaza. Mama huisogeza kila asubuhi akitaka kuweka birika mezani, haniulizi kitu, na kule kutoniuliza ndiko kunakonikosesha raha.

Fomu inataka nichague namna nitakavyosoma magonjwa ya wanawake na uzazi mwakani, mwaka wa mwisho. Mtindo wa kwanza ndio wa siku zote: wiki nane mfululizo kwenye hospitali kubwa ya rufaa Dar es Salaam. Mbili leba, mbili wodi ya wanawake, mbili thieta, mbili kliniki, kisha mtihani na kuhamia idara nyingine. Wa pili ni wa majaribio. Wanafunzi sita watapelekwa hospitali ya wilaya huku kwetu mkoani Tanga, wakae miezi sita. Huko hakuna kuhama idara. Yote yanakwenda pamoja, leo kliniki ya wajawazito, kesho wodi ya watoto, keshokutwa upasuaji mdogo. Kila mwanafunzi atakabidhiwa wajawazito kumi awafuate tangu kliniki mpaka wajifungue na watoke arobaini. Mmoja akishikwa na uchungu saa nane za usiku, simu inalia kwako. Mitindo yote miwili inatanguliwa na wiki mbili za mazoezi chuoni, kwa midoli ya kufundishia badala ya wagonjwa.

Wenzangu wengi wamejaza Dar. Wananicheka, eti wilayani nitaona nini zaidi ya foleni ya chanjo? Bingwa wa wanawake huko ni mmoja, na kuna siku yuko safarini. Mtihani wa mwisho ni mmoja kwa wote. Nikiulizwa saratani ya ovari nitajibu nini?

Ninasita kwa sababu mwaka huu tulipitishwa leba wiki tatu kwenye hospitali moja kubwa, na kuna siku sijaisahau. Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili kwenye kitanda kimoja. Mama yule alipimwa njia na watu wanne ndani ya nusu saa, wa nne nikiwa mimi. Sikusikia mtu akimwomba ruhusa, na mimi sikuomba. Nikasema njia imefunguka sentimita 5. Msimamizi akapima, akasema 7, tukahamia kitanda cha pili. Nilipogeuka nilimwona mama amejielekeza ukutani, kajifunika uso kwa kanga. Jina lake sikulijua.

La logibuku, lile daftari la kusainiwa kazi tulizofanya, nalo nalisema kwako tu. Tulitakiwa tuwe tumezalisha kumi. Kwa mkono wangu nilizalisha mmoja, watatu nilisimama pembeni nikishika taa. Saini zilizobaki zilipatikana Ijumaa ya mwisho, kama za wengine wote.

Lililobaki ndilo zito. Mimi mwanaume, Bi Mkunga. Dar hakuna mwanamke anayenijua. Huku nitawakuta kliniki mashoga wa mama, mke wa jirani, dada zake rafiki zangu. Shangazi yangu ni kungwi, kalisikia suala hili jikoni akasema kwa sauti nisikie: "Mambo ya wanawake hayasomwi na mtoto tuliyemwogesha wenyewe." Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Nijaze wapi?

Mwana wa Barabara ya 14, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako imenikuta barazani nachambua choroko. Nilipofika pale mama alipojifunika kanga nikaweka ungo chini. Nimekaa leba miaka 34 na mgongo huo ulioelekezwa kwa watu naujua. Huwa hausemi kitu, na siku ya pili mwenyewe akiulizwa anasema alihudumiwa vizuri.

Basi tuanze na yeye, fomu itasubiri. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unataka mama ambaye uchungu wake unakwenda vizuri apimwe njia kila baada ya saa 4, tena unatahadharisha asipimwe na watu wengi kwa wakati mmoja. Nyinyi mmempima mara nne kabla chai haijapoa. Si kosa lako peke yako, wewe ulipangwa kwenye mstari ukapangika, lakini mkono wa nne ulikuwa wako. Siku nyingine inama usawa wa uso wake, usimsimamie kichwani, useme: "Pole mama. Naitwa fulani, ni mwanafunzi wa udaktari. Naomba ruhusa nikupime njia, daktari akiwa hapahapa. Ukisema hapana, huduma yako iko palepale." Kisha nyamaza umsubiri. Hapo pa kusubiri ndipo wengi wanaposhindwa, wanaomba ruhusa huku glovu imeshavaliwa.

Na usidhani ni sisi tu. Marekani, pamoja na hospitali zao zote zile, ilibidi Aprili 2024 serikali kuu iziandikie hospitali kwamba mwanamke aliyelazwa usingizi wa dawa asipimwe sehemu za siri na mwanafunzi bila ridhaa yake ya maandishi. Hukohuko kuna vyuo ambavyo tangu miaka ya 1970 vinawatumia wanawake waliofunzwa kazi hiyo: mwanafunzi anawapima, wao wenyewe wanamwelekeza, hapo umebonyeza mno, geuza kiganja, haya sasa umelifikia. Sidhani Tanga tutaiona karibuni, shangazi yako angetufukuza na mwiko. Lakini mimi habari hiyo naipenda, kwa sababu mwalimu hapo ni yule aliyelala kitandani.

Sasa sentimita zako 5 zilizokuwa 7. Kukosea mbili kwa anayeanza ni jambo la kila siku, ingawa mama mzazi wa mara ya nne akiwa 7 unaweza kwenda kuchukua glovu ukarudi ukamkuta mtoto analia. Mimi nimeumia kwamba msimamizi alitaja namba yake akaenda zake. Mkono wako umetoka pale haujui umekosea wapi. Uligusa ukingo wa upande mmoja ukakisia wa pili? Ulitanua vidole kidogo kuliko ulivyodhani? Ungeambiwa urudie kesho yake kwa mama mwingine aliyekubali, ukiwa na mtu mmoja tu nyuma yako, leo usingekuwa unaniandikia habari ya 5 na 7.

Kwa hiyo swali langu mimi halianzi na Dar wala wilayani. Ni nani atakayekuwa nyuma ya bega lako akiuangalia mkono wako, mwenye muda wa kukwambia "rudia"? Mitindo yote hii ya mafunzo, mimi naipima kwa mtu huyo kwanza.

Chukua hiyo midoli ambayo umeitaja mara moja ukaipita. Hospitali ya Haydom kule Manyara iliwafundisha watumishi wake kwa siku moja, kwa mdoli, namna ya kumsaidia mtoto aliyezaliwa hapumui. Miezi saba baadaye walipopewa mdoli tena walifanya vizuri sana. Kwa watoto wenyewe, leba, utendaji ulikuwa haujabadilika. Hayo yalichapishwa mwaka 2013 na nayapenda kwa sababu walikuwa wakweli. Wengine wangetangaza ule uhodari wa mdoli wakanyamazia lile la pili. Midoli hawakuitupa. Waliisogeza wodini, zoezi la dakika chache, mara kwa mara, watu wakiwa zamu, na mwaka 2015 wakaripoti kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vimepungua. Mtindo huo ukaja kupelekwa kwenye vituo 30 vya mikoa mitano nchini, pamoja na vifaa na kufuatilia takwimu zao wenyewe, na matokeo ya 2025 yakaonyesha vifo vya kina mama navyo vimeshuka kwa takribani robo tatu.

Wiki zako mbili za midoli chuoni ni ile siku moja ya Haydom iliyorefushwa. Nenda, jifunze kukanda mfuko wa uzazi, kutoa kondo la nyuma, kushona msamba kwenye sponji mpaka uzi ukutii. Makosa yako ya kwanza kumi yamalizie kwa mdoli, hana kanga ya kujifunika. Lakini ukifika hospitali, yoyote ile, uliza mdoli uko wapi. Wakikwambia upo kabatini na ufunguo anao mtu aliyekwenda semina, ujue zile wiki mbili zitayeyuka.

Tuje kwenye hesabu, na hii ndiyo iliyoniamulia. Mimba ni wiki 40. Arobaini yetu ni siku 40, ya kitabuni ni 42, yaani wiki 6. Jumla wiki 46. Kwenye wiki nane za Dar, mama utakayemwona kliniki hutamwona leba. Utakayemzalisha hujui alikotoka, na kesho yake asubuhi kitanda kina mwingine. Miezi sita ni wiki 26. Siku unayofika, chagua mwenye mimba ya wiki 20: wiki 20 za kumsubiri, 6 za arobaini, imeingia barabara bila hata siku ya akiba. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito akutane na mhudumu mara 8, na wiki ya 20 ni mara ya pili, kwa hiyo mikutano saba kati ya minane unaweza kuwepo.

Saba ya nini, utaniuliza. Nikusimulie. Nilipokuwa zahanati moja upande wa Pangani tulikuwa na kijana anayesomea utabibu, aliyekaa nasi muda mrefu kwa sababu zake za ada. Siku moja akaja mama wa mimba ya kwanza, kadi yake safi, kapanga foleni kama wenzake. Kijana akanivuta pembeni akasema, "Bi Mkubwa, uso ule si wa mwezi uliopita." Mimi nilimwona mama mnene tu, wa Pangani, anayekula vizuri. Tukampima: presha 160 kwa 110, mkojo una protini, na alipoulizwa sawasawa akasema kichwa kinamgonga tangu juzi, alidhani ni jua. Tukampa magnesiamu, tukampeleka hospitali, akajifungua salama kabla kifafa cha mimba hakijamkuta. Kijana yule kwenye vitabu hakuwa hodari, Mungu anisamehe. Alichokuwa nacho ni kwamba uso wa mwezi uliopita aliuona kwa macho yake. Bingwa wa rufaa ambaye mama huyo angefikishwa kwake akiwa anatingishika, uso huo wa kwanza asingeujua kamwe.

Hao wenzako wanaouliza wilayani utaona nini, waambie wakasome takwimu za nchi yao. Mwaka 2015 na 2016 wanawake 63 kati ya 100 walijifungulia kwenye vituo vya afya. Mwaka 2022 wamekuwa 81. Wengi wa hao walioongezeka hawakupanda basi kwenda kwa bingwa Dar. Na damu inayomwua mama baada ya kujifungua haingoji bingwa atoke safari. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2023, wa hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, ulitumia karatasi ya plastiki yenye alama, inayowekwa chini ya mama kupima damu badala ya kuikisia kwa macho, kisha kwa mkupuo mmoja wakunga wakikanda mfuko wa uzazi, wakimpa oksitosini ya kukaza mfuko huo, asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu igande, na dripu, na kumchunguza damu inatokea wapi. Matatizo makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Kazi hiyo ni ya leba ya kawaida, ya saa tisa usiku, na mwanafunzi ambaye ni mmoja kati ya sita ataishika kwa mikono yake. Wa kumi na mbili ataishika kwa macho.

Zaidi ya leba, kwenye kliniki ya wilaya ndiko mambo ya wanawake yalipo kwa wingi wake. Vijiti na lupu vinawekwa na kutolewa pale. Shingo ya kizazi inapimwa kwa siki pale, kutafuta dalili za saratani mapema. Mimba inayotishia kutoka, dada asiyeshika mimba mwaka wa tatu, msichana anayezimia kila akiingia mwezini, wote wanapita mlango ule. Na watakwambia "chango", mwanangu. Chango litakuwa maumivu ya siku zake, au maambukizi ya mirija, au utasa, au hofu yake ya kuachwa ambayo kaipa jina la tumbo. Hakuna mhadhara wa chango. Utalifumbua kwa kumuuliza mama yuleyule mara ya pili na ya tatu, maana mara ya kwanza anakupa jibu la adabu tu.

Lakini sitaki nikudanganye kwa mapenzi yangu. Dar ina vitu ambavyo wilaya haina na haitakuwa navyo upesi. Saratani utaziona huko, za shingo ya kizazi zilizochelewa na za ovari ulizozitaja. Utakaa mezani mabingwa watano wakibishana juu ya picha moja ya altrasaundi, na mabishano yale ni darasa. Kifafa cha mimba, mimba iliyotunga nje ya kizazi na kupasuka, upasuaji mgumu wa marudio, vyote vinaletwa huko kutoka kila upande, kwa hiyo kwa wiki nane unaweza kuona ambavyo wilayani vingekujia kimoja kimoja. Na kuna wanafunzi ambao miezi sita bila ratiba ya kuwabana itawapotea wakicheza bao. Hilo ni la kwako na nafsi yako.

Hofu ya mtihani nitakupunguzia. Kufundisha kwa mtindo huu si jambo lililobuniwa jana. Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kilianza kupeleka wanafunzi vijijini kwa miezi mingi mwaka 1971. Chuo cha Flinders, Australia, kilianza 1997, na walipolinganisha mitihani, matokeo yaliyochapishwa 2004 yalionyesha wanafunzi waliokaa mashambani hawakuwa nyuma ya waliobaki hospitali kubwa, walikuwa wamewatangulia. Cambridge nako, jirani na Boston, mwaka 2004, Harvard wakaanza mtindo huu kwenye hospitali ya mjini kabisa, na waliowafuatilia waliona alama zao hazikushuka na moyo wa kumjali mgonjwa haukuwapungua kama kwa wenzao. Ila nchi hizo zina madaktari wa kutosha kumsimamia mwanafunzi mmoja mmoja. Ukibeba ratiba yao bila huyo msimamizi, utakuwa umebeba bawaba za mlango ukaacha mlango.

Kwa hiyo, ushauri wangu: jaza Tanga. Lakini kabla ya kusaini, piga simu kwa anayeratibu majaribio hayo umwulize mambo yasiyoandikwa kwenye fomu. Muuguzi mkunga atakayenisimamia ni nani, na zamu zangu zitafuata zake? Sikusema daktari. Bingwa ni mmoja, wilaya nzima inamvuta kanzu. Mkunga wa zamu ya usiku ndiye atakayekufundisha lini usiguse. Wanazalisha wangapi kwa mwezi, na wanafunzi wa uuguzi na utabibu wanaogawana hao ni wangapi? Tuseme wanazalisha 120; kwa miezi sita ni 720, mkiwa sita ni 120 kila mmoja, toa za wale wengine, toa zile utakazokataliwa, bado umebaki na nyingi kuliko moja na taa. Thieta inafanya kazi usiku, damu ipo? Malazi yako karibu na geti, au utatafuta bodaboda saa nane hizo ulizozitaja? Na la mwisho uombe kabisa, usiulize: wiki mbili au tatu kati ya hizo 26 wakupeleke rufaa ukakae wodi ya saratani na thieta. Wakiwa wanajua wanachofanya watakuwa wameshalifikiria.

Kwenye lile la mkunga wakianza kugugumia, "tutaona mkifika", basi nenda Dar, na sitakulaumu. Ila ukienda, omba zamu za usiku wanafunzi wakiwa wachache. Chagua mama mmoja anayekubali, kaa naye tangu sentimita 5 mpaka kondo litoke, mpe maji, mkande mgongo, andika wewe patografu yake, ile karatasi ya kufuatilia uchungu. Wenzako watakuwa wamekimbia vitanda sita. Waache.

Kwa wale kumi wako, usichague wote wa mimba ya kwanza. Desturi zetu unazijua: mtoto wa kwanza wengi wanakwenda kujifungulia kwao, kwa mama zao, na utampoteza Handeni au Mombasa akiwa wiki ya 36. Chukua namba ya simu yake na ya mumewe, na mwulize mapema huyo mume kama anaridhia, kwa heshima, si kwa kuomba kibali cha mwili wa mtu mwingine.

Sasa shangazi. Kasema kweli nusu. Ni haki ya mwanamke aliyekuogesha asikuone upande ule wa pazia, na hilo halihitaji mjadala: ukimkuta shoga wa mama kliniki, msalimie, mpishe kwa mwenzako, na jioni nyumbani hukumwona. Hata mama asijue kwamba alikuja. Siku ya kwanza utakapoteleza ulimi, hata kwa kusema "fulani hajambo", jina lako Ngamiani limekwisha na la wenzako watano pamoja nalo. Kama aibu bado inakukaba, mkoa ni mkubwa. Uliza kama nafasi ipo Korogwe au Lushoto, ujifunze salamu za Kisambaa, hakuna atakayekumbuka ulivyokuwa ukilia kwenye beseni. Wapo watakaokukataa kwa uanaume wako popote utakapokwenda. Sema "asante mama, namwita dada", ondoka bila kununa. Nimeona kina mama waliomkataa kijana asubuhi wakamwita wenyewe alasiri kwa sababu aliondoka vizuri.

Na huyo shangazi usimkimbie. Mpelekee kahawa, kaa chini, mwulize wanawake wa Tanga wanataja vipi maumivu yao, neno gani linasemwa mbele ya mume na lipi halisemwi. Hatakwambia yote, kungwi haambii mwanaume yote. Robo yake inatosha kukutangulia.

Logibuku nimeiacha nyuma kwa sababu imeniudhi. Zile saini tisa za Ijumaa huwezi kuzirudisha, ila usiongeze ya kumi. Mwakani andika "nimeangalia" palipo pa kuangalia na "nimefanya nikisimamiwa" palipo pa kufanya, hata safu ionekane chache. Ukiwa intern, daktari wa mafunzo kazini, peke yako usiku, mama anamwaga damu, hutafungua logibuku kutafuta saini.

Leo mweleze mama yako ulichoamua, kabla hajaisogeza tena hiyo fomu. Halafu nenda sokoni ununue saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, ya bei rahisi, ya kuoshwa. Mapigo ya mtoto na uchungu wa mama unavihesabu kwa saa. Simu huingii nayo leba.